Nyuki wa Anupras

Tangu mvua za Mei zianze, mlango wa Salomeja haukufungwa mchana. Upepo uliingia, manyunyu yakaingia, kuku wa jirani wakaingia na kutalii juu ya meza, naye akawafukuza kwa ufagio lakini mlango akauacha vile vile. Watu wa kijiji cha Gerdvilai walishangaa. Mwanamke aliyezoea kuzungumza na wageni kupitia upenyo wa vidole vitatu, leo nyumba yake i wazi kama kanisa siku ya Pasaka! Wengine wakasema uzee umemlainisha. Masikini, hawakujua. Salomeja hakuwa akimkaribisha mtu. Aligundua tu kwamba mlango ulio wazi haugongwi, na kugongwa kwa mlango ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Juni, mlango huo ulikuwa umegongwa mara tatu. Aligonga Anupras, mzee wa ng'ambo ya kinamasi, mvua ikimmiminikia kofiani, na mkononi ana kasha lake la kukamatia nyuki. Bumba lake kubwa lilikuwa limehama mzinga siku iliyotangulia na kupotelea upande huu. Akauliza kama Salomeja ameliona. Salomeja akatoa pua kwenye upenyo, akasema, "Sijaona."

Anupras akaelekea kinamasini kuendelea kutafuta. Siku ya nne walimkuta ameketi chini ya mti wa betula, kasha tupu magotini, amekufa. Daktari alisema ni moyo. Watu wakasema ni mvua. Salomeja hakusema neno, kwa sababu bumba lile lilikuwa nyuma ya ghala lake mwenyewe, ndani ya mzinga wa gogo, likivuma kwa raha zake.

Utauliza, alidanganya kwa faida gani? Hapo ndipo penye uchungu, kwa maana faida haikuwepo. Kwa watu wale nyuki hawauzwi wala hawadaiwi. Bumba likihama kwako likatua kwa jirani, ni la jirani, mradi akuletee habari kabla jua halijazama. Nanyi wawili mnakuwa ndugu wa nyuki. Asali ya kwanza mnagawana, sikukuu mnakula meza moja, na kugombana ni mwiko mpaka mmoja wenu azikwe, maana nyuki hawakai penye ugomvi wala uongo. Kwa hiyo Salomeja angesema tu "wako hapa," nyuki wangebaki kuwa wake, kwa haki na kwa baraka.

Lakini angekuwa ndugu wa Anupras, na hilo lilimkwama kooni. Majira ya baridi yaliyopita nyuki wake wote walikuwa wamefariki. Ndiyo, wamefariki. Nyuki kwao hafi kama nzi, hufariki kama mtu, na huzikwa. Salomeja alikuwa amewazika ndani ya aproni yake safi. Kisha, kwenye matanga ya mtu mwingine kabisa, mbele ya watu wamejaa benchi kwa benchi, Anupras akasema kwa sauti, "Nyuki wa Salomeja hawakufa kwa baridi. Walikufa kwa kumsikiliza." Watu walicheka mpaka wakasahau kwamba kuna maiti chumbani. Salomeja alicheka pia, kwa meno tu, na akaapa moyoni. Basi nyuki wa Anupras walipotua kwake miezi mitatu baadaye, weusi wale asioweza kuwafananisha na wengine, alisimama mbele yao akatetemeka kwa furaha, na papo hapo akajisemea: heri nimwite nguruwe ndugu.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "sijaona." Aliwahi kusema maneno mabaya zaidi kwa ng'ombe.

Kwenye mazishi aliimba pamoja na wanawake wengine, na sauti ilipomkatika katikati ya wimbo, Barbora, mjane wa Anupras, alimshika mkono kumfariji. Watu walipomuuliza nyuki kapata wapi, akasema ametega mzinga mtupu wakaja wenyewe kutoka msituni. Wakamwamini. Nani angedanganya juu ya nyuki?

Sasa mwaka ulikuwa umezunguka, na hali ya hewa ilikuwa imerukwa na akili. Asubuhi jua, ukianika shuka mvua. Ukianua shuka jua. Tarehe kumi ya Julai, siku ya Ndugu Saba Waliolala, ilinyesha kutwa nzima, na kila mtu anajua mvua ya siku hiyo hukaa wiki saba.

"Wiki saba!" alisema mzee Zigmas, aliyepokea maziwa kwenye kituo cha kijiji. "Mwaka huu tutavuna vyura. Na wewe, mama Salomeja, nyuki wako wanaendeleaje? Wamejifunza kuogelea?"

"Wanaishi," Salomeja akajibu.

"Huwezi kujua. Mvua hii, miti ya liepa yote inachanua, asali tupu, na hakuna nyuki anayeweza kutoka. Maua yanaoza mtini. Utawakuta wamekufa njaa katikati ya kiangazi, na hiyo ni aibu kuliko baridi."

Maneno hayo yalimwingia Salomeja kama mwiba. Wakifa mikononi mwake mara ya pili, kijiji kizima kitajua kwamba nyumba hii ina jambo. Akaenda kununua sukari, akachemsha maji ya sukari, akawawekea nyuki kwenye sahani chini ya masega, na vijiti vya kusimamia wasizame. Kesho yake akaongeza. Aliwalisha kama mtu anayelisha mgonjwa asiye wake, akihofia kuulizwa.

Ndipo akaanza kusikia mlio wa kugonga.

Anupras alikuwa na desturi yake. Hakufungua mzinga hovyo. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, mara tatu, akaweka sikio. Nyuki wenye malkia huitika mara moja, vuum, wakanyamaza. Wasio na malkia huomboleza kwa muda mrefu. Sasa Salomeja, akiwa anamenya viazi dirishani saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, alisikia kutoka nyuma ya ghala: ko, ko, ko. Kisha vuum.

Alifikiri ni tawi. Akatoka na shoka, akakata kila tawi lililokuwa karibu. Siku iliyofuata, ko, ko, ko. Akafikiri ni matone ya paa, akafunika mzinga kwa gunia zito. Ko, ko, ko, na nyuki wakaitika. Mara moja alikimbia akazunguka ghala kwa kasi, akakuta nyasi, mvua, mzinga, na hakuna mtu. Lakini nyuki walikuwa bado wananyamaza, taratibu, kama watu waliokatishwa mazungumzo na mgeni aliyeingia ghafla. Alirudi ndani kinyumenyume.

"Unataka nini?" aliuliza siku ya tatu, amesimama mlangoni, akizungumza na mvua. "Nimewalisha. Nimenunua sukari. Unataka nini zaidi?"

Alijua vizuri Anupras anachotaka, na ndiyo maana aliuliza kwa hasira.

Siku ya nne akaja Barbora. Alikuja kwa mzunguko wa barabara, mwendo wa saa nzima, sketi imetapakaa tope mpaka magotini, na bakuli la krimu iliyopigwa na vitunguu saumu chini ya shali. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwepesi wa maneno, na tangu afiwe alikuwa amezidi, kana kwamba lazima sasa aongee kwa watu wawili.

"Nimechoka kuongea na mbwa," alisema akiketi. "Ananisikiliza vizuri, lakini hana habari mpya. Kula, dada, nimekutengenezea wewe. Umekonda! Na mlango huu, mbona unautesa? Ufunge, tutavimba viungo."

"Acha tu. Napenda hewa."

"Hewa! Hii si hewa, ni supu." Barbora akacheka. "Unajua sijaitupa mizinga ya marehemu? Yote mitupu, baridi imewamaliza waliobaki. Shemeji anataka kuipasua kuni. Nimemwambia, ukigusa gogo lile nitakupasua wewe. Bado lina harufu ya nta yake. Napita pale, nanusa, naendelea na kazi. Utaniona mjinga."

"Sikuoni mjinga," Salomeja alisema, na krimu ikamgeuka mdomoni kuwa chokaa.

Wakati huo huo, kutoka nyuma ya ghala, sauti ikapenya mvua. Haikuwa ya kugonga. Ilikuwa nyembamba na ndefu, kama ya tarumbeta ndogo ya bati: tiii, tiii, ti-ti-ti. Na chini yake nyingine nzito, zilizosongwa, zikajibu: kwa, kwa, kwa.

Barbora alishika kifua. "Mungu wangu. Nani analia?"

"Ni malkia," Salomeja akasema. "Malkia mzee amefariki. Wamelea wapya. Mmoja ametoka kwenye chumba chake cha nta, analia kuwatishia wenzake. Wengine bado wamefungiwa, wanamjibu. Kungekuwa na jua angeshaondoka na bumba lake. Mvua imewafungia wote nyumba moja."

"Wanalia hivyo mpaka lini?"

"Mpaka mmoja aondoke. Au auawe."

Barbora alisikiliza, kichwa ameinamisha upande, na uso wake ukawa wa msichana. "Anupras aliwahi kuniita nisikilize hilo. Nilikuwa nakanda mkate, nikamwambia niache na wadudu wako." Akajifuta jicho kwa ncha ya shali. "Laiti ningekwenda."

Salomeja alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari pale, juu ya ulimi. Alimwona Barbora akisubiri kwa upole, akidhani atafarijiwa, na akaona jinsi uso ule utakavyobadilika, na hakuna tena atakayekuja kwa mzunguko wa barabara kumletea bakuli. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki duniani wa kumwita dada, na ndiye huyo.

"Kula na wewe," akasema. "Usiniachie yote."

Barbora alipoondoka, Salomeja alijichukia mpaka akatapika. Alitapika uani, mvua ikimpiga kisogoni, na malkia wakaendelea: tiii, tiii, kwa, kwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye hakuwa na maradhi, ila alijihisi anaoza kama maua ya liepa.

Malkia walilia siku nne. Siku ya tano, bila taarifa, jua likatoka. Halikutoka kwa aibu kama siku nyingine. Lilichomoza kati ya mawingu saa sita mchana, likawaka, nyasi zikafuka moshi. Salomeja alisikia ngurumo nyuma ya ghala, akatoka mbio. Nyuki walikuwa wakimwagika mlangoni mwa mzinga kama maharagwe kutoka gunia lililotoboka. Maelfu. Wakapanda, wakazunguka, anga juu ya ghala likawa jeusi. Alikuwa na ndoo ya maji na brashi ya kuwanyunyizia ili watue. Ndiyo kazi, kila mfugaji anaijua. Alishika brashi mkononi na hakuitumia.

Hawakutua. Kwa kawaida bumba hujitundika kwanza kwenye tawi lililo karibu, saa moja au mbili, wakitafakari. Hawa walikuwa wametafakari siku nne gizani. Walijikusanya hewani, wakanyooka, wakaelekea moja kwa moja juu ya kinamasi, upande ule ule walikotoka. Salomeja aliwafuata kwa macho mpaka wakawa moshi, kisha si kitu.

Akaketi juu ya gogo la kukatia kuni. Jua lilimchoma uso. Kwa mara ya kwanza mwaka ule hakusikia chochote, si kugonga, si kulia. Akafikiri, labda yamekwisha. Labda amechukua chake, ameniacha. Naomba usimcheke, mtu aliyebanwa sana hufurahi hata kwa pumzi moja.

Jua lilikuwa bado halijashuka Barbora alipotokea. Safari hii hakuzunguka. Alikuwa amekatiza kinamasini, miguu mitupu, viatu mkononi, tope mpaka kiunoni, na kwapani ana mkate wa shayiri nyeusi umefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja.

"Salomeja! Dada, njoo, usikae kama gogo! Wamekuja kwangu! Nyuki wako wamekuja kwangu!"

Salomeja hakuinuka.

"Nilikuwa nafua," Barbora aliendelea, akikaa karibu yake bila kuulizwa, "nikasikia kitu kama treni. Naangalia juu, jeusi! Nikajifunika beseni kichwani. Nachungulia, wanaingia kwenye gogo la marehemu, mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaoingia misa. Nikalia, nikacheka, mbwa akajificha. Halafu nikakumbuka: kabla jua halijazama lazima nikuletee habari. Si ndivyo? Sijui kitu kuhusu nyuki, lakini hilo najua. Basi nimekuletea habari. Wako kwangu. Sasa mimi na wewe ni ndugu, na hutaweza kunifokea mpaka nife!"

Akafungua kitambaa, akaumega mkate katikati, akamtia Salomeja nusu mkononi. Ulikuwa bado na joto. Alikuwa amevuka kinamasi kilichommeza mumewe ili asichelewe kusema kweli.

Salomeja aliutazama mkate.

"Si nyuki wangu," akasema.

"Wametoka kwako. Nimewaona kwa macho yangu wakija kutoka upande huu."

"Barbora, si wangu. Ni wa Anupras. Ni bumba lile. Lilitua kwangu siku moja kabla hajaja kuuliza. Alipogonga nikamwambia sijaona. Walikuwa pale, nyuma ya ghala. Angegeuza kichwa tu angewasikia, ila mvua ilikuwa kubwa."

Kicheko kilibaki usoni mwa Barbora muda mrefu kuliko kilivyopaswa, kama taa iliyosahauliwa. Kisha kikazimika.

"Alisimama wapi?"

"Pale mlangoni."

"Alikuwa amelowa?"

"Chapachapa."

"Ulimpa kitu cha moto?"

"Hapana. Sikufungua mlango wote."

Barbora alinyoosha mkono, akachukua ile nusu ya mkate kutoka mkononi mwa Salomeja, taratibu, bila kumgusa vidole. Akaziunganisha nusu mbili, akazifunga kwenye kitambaa, akasimama. Alitembea mpaka kwenye lango la ua. Hapo akasimama, mgongo umegeukia nyumba.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Mume wangu! Alipotoka kwangu asubuhi ile aliniambia, 'Mfunge mbwa, asinifuate.' Ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na nimebaki na mfunge mbwa. Mwaka mzima nayageuza kitandani. Wewe ndiye wa mwisho kusema naye. Ulimwambia hujaona. Akasema nini?"

Salomeja angeweza kumtungia kitu. Angeweza kusema alikutaja, alisema anakupenda, na Barbora angeamini. Uongo huo ungekuwa mtamu kwa wote wawili.

"Alicheka," akasema. "Maji yalikuwa yanamtiririka puani, akacheka. Akasema, 'Basi wakija kwako, Salomeja, unitumie habari upesi, nianze mazoezi. Kuwa ndugu yako si kazi ya siku moja.'"

Barbora akageuka. Kikamtoka kicheko kimoja kikavu ambacho hakukitaka, akakifunika kwa kiganja. Machozi yakapita juu ya vidole.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyo kabisa. Sema tena."

Salomeja akasema tena.

"Hakusema haraka hivyo. Yeye anavuta maneno. Sema kama yeye."

Salomeja akavuta pumzi, na kwa sauti ya mtu aliyemchukia, na ambaye kumbe alikuwa tayari kuwa ndugu yake huku amelowa mlangoni, akayavuta maneno yale moja baada ya jingine mpaka mwisho. Mawingu yalikuwa yamefunga tena. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya paa la ghala.

"Watakufa njaa mvua hii," Barbora alisema, akijifuta uso kwa nguvu. "Mimi sijui kuwalisha. Utakuja kesho na sukari yako. Na kesho kutwa. Kila siku utakuja, na kabla hujawagusa utanisemea maneno hayo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikwambie basi," Barbora akasema, akaingia barabarani na mkate wake.